Ugonjwa uko London, mkono ni wa Kongo

Ndugu Mhariri,

Mei 2022, ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani ulipoenea Uingereza, Hispania na Ureno, vyombo vingi vya habari vya Ulaya na Marekani viliuonyesha kwa mikono na nyuso za watu weusi zilizojaa malengelenge. Wagonjwa walikuwa London, Madrid na Lisbon. Mikono ilikuwa imepigwa picha Kongo, wakati wa mlipuko wa 1996 hadi 1997, na picha nyingine iliyomo katika maktaba hiyohiyo, ya mtoto wa kike, ilitoka Liberia mwaka 1971. Chama cha waandishi wa vyombo vya kigeni barani Afrika, chenye makao Nairobi, kilitoa tamko mwezi huohuo kukemea. Makelele yakapoa. Lakini picha zenyewe hazikwenda popote. Zimo kwenye kompyuta za vyumba vya habari, vya kwetu vikiwemo, zikiwa na majina kama "ndui2" au "mgonjwa ngozi", zikisubiri siku nyingine ya haraka.

Sisi tunaoandika barua hii ni wahariri wa picha na wafasiri wa habari za mashirika ya kimataifa. Wasomaji wanapolalamikia ubaguzi wa rangi katika vyombo vya habari, kidole huelekezwa kwenye safu za maoni na kwa watangazaji wasio na breki mdomoni. Huko nako upo. Lakini sehemu kubwa ya taswira anazobaki nazo msomaji kuhusu Mweusi, Mhindi, Mwarabu, Mzungu au Mchina haikutungwa na mtu mwenye chuki. Iliwekwa ukurasani na mtu aliyechoka, saa moja kabla ya kurasa kwenda mtamboni, akitafuta kitu cha kujaza nafasi ya safu tatu. Ndiyo maana tunakuandikia wewe na si mwanasheria.

Kwa nini picha za Kongo ndizo zilizoshinda? Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kina maktaba ya picha iliyo wazi kwa umma. Nyingi hazina haki miliki, hazilipiwi, ubora wake unatosha kuchapwa, na ukiandika jina la ugonjwa zinajitokeza palepale. Mhariri wa London mwenye dakika kumi hawezi kumpata mgonjwa wa Madrid atakayekubali kupigwa picha, na hospitali haitamruhusu aingie na kamera. Mgonjwa wa Kongo wa 1997 hana wa kumsemea. Basi faragha ya mmoja na ukimya wa mwingine vinashirikiana, na kinachotoka ni ukurasa unaomwambia msomaji kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika, hata kama aya zote chini ya picha zinasema vingine. Wengi hawafiki kwenye aya hizo. Wanaona picha, wanasoma kichwa cha habari, wanafungua ukurasa wa michezo.

Na si kwamba hakukuwa na pa kukimbilia. Marekani yenyewe ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2003, watu 47 katika majimbo sita, na kirusi cha mlipuko ule kilipigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Picha hiyo imo katika maktaba ileile, bure vilevile. Kuna maabara, kuna foleni ya chanjo, kuna lango la hospitali. Hizo hazisisimui, tunakubali. Ndio ubishi tunaokutana nao kila mara kwenye dawati: picha ya kirusi "haina mtu".

Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliupa ugonjwa huo jina jipya, mpox. Tarehe 14 Agosti 2024 likatangaza dharura kwa mara ya pili, safari hii kitovu kikiwa Kongo kweli, huku Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwa zimepata wagonjwa. Hapo kuna wenzetu waliosema: sasa picha za zamani zimepata uhalali. Hazijapata. Picha ya mgonjwa wa Kongo inafaa ikiwa ni ya mlipuko unaoandikwa, imetoka pale habari ilipotoka, na mwenye mwili ameombwa ruhusa akiwa anaelewa itatumika wapi. Ukichapa ya 1997 katika habari ya 2024, unamwambia msomaji kwamba Kongo haijasogea kwa miaka 27, kwamba mgonjwa wake ni yuleyule siku zote.

Kuna atakayeuliza kama picha moja inaweza kumgeuza mtu mawazo. Moja haiwezi. Kinachofanya kazi ni wingi, na wingi umewahi kuhesabiwa. Mtafiti Martin Gilens alipitia picha za watu maskini katika majarida matatu makubwa ya habari ya Marekani, kuanzia 1988 hadi 1992. Kati ya maskini waliotokea pichani, asilimia 62 walikuwa weusi, ilhali takwimu rasmi zilionyesha kuwa weusi ni asilimia 29 ya maskini wa nchi hiyo. Wananchi walipoulizwa, walikisia kwamba weusi ni karibu nusu. Aliwauliza na wahariri wa picha wa majarida yenyewe. Wao walikisia asilimia 42. Zitazame namba hizo zilivyopangana, Mhariri. Hata waliochagua picha hawakuamini kile ambacho kurasa zao zilikuwa zikisema. Hakuna aliyekaa kikaoni akaamua asilimia 62. Ilijikusanya yenyewe, picha moja moja, usiku mmoja mmoja. Tena katika picha za maskini ambao umma huwaonea huruma, yaani wazee na wale wanaofanya kazi lakini mshahara hautoshi, weusi walikuwa wachache kuliko walivyo katika hali halisi. Msomaji wa majarida yale ndiye huyohuyo anayeajiri, anayepangisha nyumba na anayepiga kura kuhusu misaada ya serikali.

Kwa hiyo tungeanza na maktaba yako ya picha. Picha ya shirika la habari huja na maelezo yaliyofungwa ndani ya faili: mpigaji, tarehe, mji, nchi, tukio, na mara nyingine masharti ya matumizi. Maelezo hayo hupotea kwa njia mbili ambazo tunaziona kila wiki. Ya kwanza ni kuipa faili jina jipya kisha kuihifadhi kupitia programu isiyobeba maelezo ya ndani. Ya pili, ambayo ndiyo inayotumaliza, ni WhatsApp. Mwandishi akiituma picha kama picha, programu inaipunguza ukubwa na kuyafuta maelezo yote ya ndani. Akiituma kama hati, faili inafika nzima. Ni tofauti ya kubonyeza kitufe kimoja badala ya kingine, na vyumba vingi vya habari havijawaambia waandishi wao.

Picha isiyojulikana ilipigwa wapi, lini na katika tukio gani isitumike kwa tukio jingine. Na neno "Maktaba" peke yake chini ya picha halimsaidii msomaji kitu. Andika "Maktaba: Kongo, 1997" na utashangaa ni mara ngapi wewe mwenyewe utaona aibu kuiweka kwenye habari ya Lisbon. Hiyo aibu ndiyo kazi ya maelezo ya picha.

Ukataji wa picha unahitaji jicho lake. Januari 2020, huko Davos, Uswisi, wasichana watano wanaharakati wa mazingira walipigwa picha wakiwa wamesimama pamoja: Greta Thunberg na wenzake watatu wa Ulaya, na Vanessa Nakate wa Uganda, aliyekuwa mwisho upande wa kushoto. AP, shirika la habari la Marekani, lilisambaza picha yenye wanne. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mpigaji alikuwa akikimbizana na muda, akakata upande wenye jengo lililokuwa likiharibu mandhari nyuma ya Nakate. Shirika liliomba radhi na kutoa picha nzima. Sisi tunaamini maelezo hayo, na ndiyo yanayotutia hofu zaidi. Kama ingekuwa chuki, ingejulikana mapema. Hii ilikuwa kanuni ya upangaji wa picha, ile ambayo kila mmoja wetu amefundishwa: ondoa kinachovuruga jicho. Mweusi pekee akaondoka na jengo. Na gazeti la Kampala lililopokea picha ile ya watu wanne lisingejua kuna mtu wa tano.

Dawa yake haichukui dakika. Kabla ya kukata, hesabu watu. Baada ya kukata, hesabu tena, kisha jiulize aliyetoka ni nani. Ikiwa ni mwanamke pekee, mweusi pekee, au mwenyeji pekee, tafuta namna nyingine ya kukata au tumia picha nzima kwa safu nyingi zaidi. Unapoweka picha kwenye mitandao ya kijamii, usiiachie mashine ichague. Twitter ilikuwa na mfumo wa kukata picha wenyewe. Watumiaji wakaulalamikia mwaka 2020, kampuni ikaupima, na Mei 2021 ikakiri kwamba ulielemea nyuso nyeupe dhidi ya nyeusi kwa tofauti ya asilimia 4. Ikauondoa kwenye simu. Mitandao mingine ina mifumo yake. Kata mwenyewe kwa vipimo vinavyotakiwa, ndipo upakie.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo halizungumzwi nje ya chumba cha uchapaji, nalo ni uso mweusi kwenye karatasi ya gazeti. Karatasi hiyo hunyonya wino. Picha ya gazeti hujengwa kwa nukta ndogo za wino, na nukta iliyopangwa kufunika asilimia 50 ya eneo hutanuka ikichapwa; kiwango cha kimataifa cha uchapaji wa magazeti, ISO 12647-3 cha mwaka 2005, kilikubali mtanuko wa asilimia 26, maana yake nukta ile huishia karibu na asilimia 76. Uso wa rangi nyepesi huvumilia, unakuwa mzito kidogo. Uso ambao tangu kwenye kompyuta umekaa kwenye nukta za asilimia 75 unafunga kabisa: pua, mashavu na paji vinakuwa doa moja, yanabaki macho na meno. Msomaji haoni kosa la mtambo. Anaona mtu wa kutisha, au mtu asiye na sura.

Tatizo linaanzia kwenye kamera. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha anatoka kivuli, kwa sababu kamera imepunguza mwanga ili ukuta usiungue, yaani usipotee katika weupe mtupu. Mpigaji apime mwanga usoni, si kwenye fremu nzima, au aongeze hatua moja ya mwanga. Ukuta ukiungua, na uungue. Wakiwa wawili wa rangi tofauti, tuseme mgeni kutoka ubalozini na mwenyekiti wa kijiji, yule mweusi zaidi akae upande wa dirisha. Wapigapicha wetu wengi hufanya kinyume, wanampa mgeni mwanga kwa heshima. Historia nayo ina mchango wake: kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha "rangi sahihi". Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990.

Kwenye kompyuta, inua rangi za kati tu, zile zisizo nyeusi sana wala nyeupe sana. Ukiinua picha nzima, weupe wa shati unapotea na ngozi inageuka majivu. Hakikisha kuna tofauti ya kuonekana kati ya sehemu ya uso yenye mwanga mwingi na yenye kivuli, kisha chapa jaribio kwenye karatasi ileile ya gazeti, maana karatasi nyeupe ya ofisini itakudanganya. Na usizidishe. Kuna mpaka kati ya kuufanya uso uonekane na kuuchubua, na majarida ya urembo yanauvuka kila mwezi. Kinyume chake pia kipo: Juni 1994 jarida la Time liliweka jaladani picha ya polisi ya O.J. Simpson, mchezaji wa zamani mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji, ikiwa imetiwa giza, na wiki hiyohiyo Newsweek likaitumia picha ileile bila kuitia giza hilo. Zilipopangwa pamoja kwenye vibanda vya magazeti, hapakuhitajika mtaalamu. Kipimo chetu ni chepesi: marekebisho unayompa bibi harusi wa ukurasa wa 12, mpe na mshtakiwa wa ukurasa wa 3.

Maelezo ya picha yanatutia hasira kuliko hayo yote, kwa sababu hayahitaji mashine wala mtaalamu. Chukua picha ya makabidhiano ya msaada. Mzungu amesimama katikati na hundi ya mfano, watoto wamepangwa nyuma. Chini yake imeandikwa jina la mfadhili mpaka la ukoo, cheo chake, shirika lake na kiasi cha fedha, halafu "akiwa na baadhi ya wanakijiji". Mwalimu mkuu aliyepokea yumo pichani, ana jina, ana cheo. Hakuulizwa. Siku moja haidhuru. Mwaka mzima wa picha hizo unamfundisha msomaji, hasa aliye mdogo, kwamba mtu mwenye jina ni yule anayetoa, na anayepokea ni umati. Mwandishi akirudi bila majina ya pande zote mbili, apige simu kabla ya kurasa kufungwa. Yakikosekana, weka picha nyingine. Kwa watoto utaratibu ni tofauti, kwani kuna sababu za kuwaficha, lakini hapo na maelezo yaseme ni wanafunzi wa darasa gani na shule gani inapokuwa salama kusema hivyo.

Katika habari za mahakamani na polisi, tatizo linahamia kwa majirani zetu wa rangi nyingine. "Mhindi", "mwenye asili ya Kiasia", "Mwarabu", "Mchina" huruka hadi kwenye kichwa cha habari. Magazeti ya Tanzania yana desturi nzuri ya kutomtaja mshtakiwa kwa kabila lake. Basi itumike kama mizani: kama mshtakiwa angekuwa Mngoni, ungeandika "Mngoni akamatwa kwa kukwepa kodi"? Kama usingeandika, futa na "mwenye asili ya Kiasia", hasa kwa mtu ambaye babu yake alizaliwa Tanga. Uraia ni suala jingine. Kama mtu ni raia wa kigeni na kesi inahusu kibali cha kazi, taja nchi yake katika aya inayohusika. Nchini Kenya mizani hiyo itumike kwa Wasomali, ambao wengi wao ni Wakenya kwa vizazi, kila habari ya usalama inapoandikwa. Na baada ya kukamatwa kuna kuachiwa. Picha ya mtu akiwa chini ya ulinzi huishi mtandaoni miaka, hukumu ya kumwachia hupata aya mbili siku ya Jumamosi. Juni 2021 AP ilitangaza kwamba haitawataja majina washukiwa wa makosa madogo kwa sababu hiyohiyo, kwamba haifuatilii kesi zao hadi mwisho. Tunaona wamepatia.

Kwenye ufasiri, tunasema kifupi. Sifa za nchi au watu zilizowekwa na mwandishi wa kigeni si sehemu ya habari mpaka zithibitike. Julai 2015, kuelekea ziara ya Rais Obama, CNN iliielezea Kenya kama kitovu cha ugaidi. Wakenya wakawaka mtandaoni na mwezi uliofuata kiongozi wa kituo hicho akafika Nairobi kuomba radhi. Mfasiri anayeinakili sifa kama hiyo neno kwa neno ameifanya yake. Aihusishe na aliyeisema, au aiache.

Vichekesho vya runinga na matangazo ya biashara, ambako Mhindi daima ni mwenye duka asiyejua ngeli, vinastahili barua yao wenyewe.

Tunajua jibu tutakalopewa, kwamba Arusha palitolewa hukumu kuhusu vyombo vya habari vya chuki, na magazeti yetu hayafanani na vile. Kweli hayafanani. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, watu wa redio RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vilivyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, na rufaa ya 2007 ikawabakizia vifungo vya miaka 30, 32 na 35. Wale walikusudia, na penye kusudi mahakama ina pa kushika. Mhariri aliyeweka mkono wa Mkongo kwenye ugonjwa wa Lisbon hakukusudia kitu. Hakuna hakimu wa kumwita, na hapaswi kuitwa. Anayeweza kumzuia ni aliyekaa meza ya pili, mwenye mamlaka ya kusema "badilisha".

Ombi letu kwako ni hili. Mpe mtu mmoja wa zamu ya usiku mamlaka hayo kwa maandishi, ili asibishane na msanifu kurasa kila siku upya. Masahihisho ya picha yachapwe mahali palepale picha ilipokuwa, na tovutini yaandikwe chini ya picha mpya badala ya kubadilisha kimyakimya. Na maktaba ipitiwe kwa awamu, folda moja kwa wiki, afadhali na mwandishi wa siku nyingi anayekumbuka picha zilipigwa wapi. Isiyotambulika iondolewe kwenye utafutaji wa kawaida, isifutwe, kwani huenda ikatambulika baadaye. Tungependekeza mwanze na folda ya magonjwa, kisha njaa, kisha uhalifu. Tuko tayari kukaa na dawati lako jioni yoyote isiyo ya toleo la Jumapili.

Wahariri wa picha na wafasiri wa habari,
Dar es Salaam